Naomba ushauri: lizi imebaki miaka 81, niongeze sasa au nisubiri sheria?

Wakuu habari zenu, naombeni mnisaidie kichwa kinaniuma. Nina kaflati huku Uingereza, lizi yake (mkataba wa kumiliki flati kwa miaka maalum, ardhi ikiwa ya mtu mwingine) imebaki miaka 81 na miezi minne. Sasa wenye uzoefu mnajua, ikishuka chini ya 80 mwenye ardhi anakudai na nusu ya thamani inayoongezeka kwenye nyumba ukishaongeza lizi, yaani pesa juu ya pesa.

Sheria ilipitishwa tangu Mei 2024, inafuta hicho kipengele na unapata miaka 990 badala ya hii 90 tunayoongezewa sasa hivi, nikashangilia kweli, kumbe kupitishwa ni jambo moja na kuanza kutumika ni lingine! Kilichoanza Januari 2025 ni kuondoa sharti la kumiliki miaka miwili kabla hujaomba, ambalo mimi halinihusu maana nipo hapa miaka tisa.

Mwanasheria ananiambia nisicheze na 80, mke wangu anasema tusubiri, jirani wa chini naye kasubiri mpaka yake imefika 78 na kila siku anaangalia habari kama anayesubiri matokeo ya mtihani. Na huku kodi ya ardhi bado namlipa mwenye ardhi, barua ya juzi imekuja na bahasha ya madirisha na neno moja tu limekolezwa: LIPA.

Kuna aliyeongeza karibuni? Na nikimtumia mwenye ardhi notisi ya kuomba kuongeza leo halafu sheria ikaanza katikati, naruhusiwa kuiondoa notisi nianze upya, na gharama za mwanasheria wake analipa nani?