Naomba ushauri: filamu za zamani zilizobaki kwenye kanda za VHS na Betamax

Ndugu zangu, nimerithi kanda zipatazo 40 za filamu za zamani, nyingi za VHS na chache za Betamax (aina nyingine ya kanda za video, isiyoingia kwenye deki ya VHS), ambazo baadhi yake sijawahi kuziona kwenye DVD wala kwenye intaneti. Deki yangu ya VHS bado inafanya kazi, ingawa ni ya kuihurumia, kwani utengenezaji wa deki mpya ulikoma mwaka 2016, mwaka uleule ambao Sony iliacha kuuza kanda za Betamax. Nakusudia kuzihamishia kwenye kompyuta, lakini kanda tatu zina ukungu mweupe pembeni mwa utepe, nami nachelea kuziingiza kwenye deki zisije zikachafua vichwa vya kusomea na kuambukiza kanda ambazo bado ni safi. Je, ukungu huo husafishwaje bila kukwaruza utepe? Aidha, kwa kuwa baadhi ya kanda ni za mfumo wa NTSC na nyingine za PAL (mifumo miwili tofauti ya picha za televisheni), je, ni lazima nitafute deki inayosoma mifumo yote miwili? Deki ya Betamax sina kabisa. Mwenye uzoefu wa kununua iliyotumika naomba anieleze nikague nini kwanza.