Naomba ushauri: wavu umenasa kwenye matumbawe Mbudya

Habari zenu ndugu. Tuko wanane, tunajitolea kusafisha kisiwa cha Mbudya, ndani ya hifadhi ya bahari ya Dar es Salaam iliyotangazwa 1975. Chupa na ndala za ufukweni tunazimudu: tunajaza viroba, tunavuka navyo hadi Kunduchi. Kinachotushinda ni wavu wa nailoni uliojizungusha kwenye matumbawe, maji ya kiunoni yakipwa. Tulipouvuta, tumbawe likameguka kipande, na kaa mdogo bado kajificha ndani. Iliniuma sana, tukaacha. Safari iliyofuata tukatumia mkasi, tukaambulia pembeni tu.

Je, sehemu ya wavu ambayo tumbawe limeshaota juu yake tuiache? Na kipande kilichomeguka, kinaweza kupandikizwa tena? Natanguliza shukrani.