Tupeane uzoefu: upasuaji wa saratani za titi, kinywa na shingo, na ule usemi kwamba kisu husambaza kansa

TABIBU WA MPAKANI (Kasese)
Wanajamvi, salamu. Uzi huu naomba tuwaachie wanaohudumia wagonjwa hawa kila siku: wodini, maabara, kliniki ya kinywa, hospisi (huduma ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona). Habari za shangazi wa fulani aliyepona kwa majani tuziweke kando. Tupeane hatua, vipimo, na pale kazi inapoharibika.

Nimeufungua kwa sababu ya maneno yanayosikika hapa Uganda, kuanzia Bwera hadi Arua: "Kansa usiiguse na kisu, itasambaa." Kwa maneno hayo mama hukaa na uvimbe wa titi mwaka mzima akipakwa dawa za miti, na huja kliniki umeshapasuka. Tusiwabeze wanaosema hivyo. Walichokiona ni kweli: jirani alipasuliwa, na baada ya miezi michache akafariki. Wanachokosea ni sababu. Saratani ya titi husafiri kwa limfu (majimaji ya mwili yanayopita kwenye tezi) hadi kwapani, na kwa damu hadi kwenye mifupa, mapafu, ini na ubongo. Safari hiyo mara nyingi huwa imeanza kabla daktari hajavaa glavu. Mtu akipasuliwa bila kuchunguzwa ugonjwa umefika wapi, kisha asipewe dawa wala mionzi, ugonjwa unaendelea na lawama inabaki kwa kisu.

Kwa hiyo kabla ya thieta: pima matiti yote mawili, makwapa yote mawili na juu ya mtulinga. Fanya ultrasaundi au mamografia. Chukua kinyama kwa sindano nene ya geji 14, vipande vinne hadi sita. Sindano hiyo haisambazi ugonjwa kwa kiwango cha kumdhuru mgonjwa, tuliseme hili wazi. Uvimbe ukiwa mkubwa au tezi za kwapa zimeshaguswa, ongeza eksirei ya kifua na ultrasaundi ya ini. Mama akilalamika mgongo unauma usiku na miguu inakosa nguvu, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, maana uti wa mgongo unabanwa.

Kosa linalorudiwa sana ni kuukata uvimbe wote "tuone ni nini". Kovu linakaa pasipofaa, kingo za uvimbe hazijulikani, na daktari wa pili hana tena cha kupima kuona kama dawa inaupunguza. Uvimbe unaozidi sentimita 5, ngozi iliyokuwa kama ganda la chungwa, au tezi za kwapa zilizogandamana: hapo kemo (dawa za kuua chembe za saratani) hutangulia. Kwa kawaida ni doksorubisini na siklofosfamidi mizunguko 4 kila siku 21, halafu paklitakseli. Upasuaji hufuata wiki 3 hadi 4 baada ya dozi ya mwisho, chembe nyeupe za damu zikisharudi. Ukianza na kisu kwa titi la namna hiyo, ngozi haitoshi kufunga, kidonda kinachelewa, kemo nayo inachelewa, na vinundu vinaota juu ya kovu. Hapo ndipo usemi ule unapopata nguvu.

SISTA WA WODI (Mbarara)
Asante Tabibu. Mimi niongeze ya baada ya thieta.

Operesheni inayofanywa zaidi huku kwetu huondoa titi lote na chuchu yake, utando ulio juu ya msuli wa kifua, na tezi za kwapa za kanda ya 1 na ya 2 (zile za chini na za katikati ya kwapa). Msuli wenyewe unabaki. Kwapani kuna neva tatu za kuulizia mgonjwa akiamka. Ikiguswa ile ya ukuta wa kifua, mfupa wa bega hutokeza nyuma anaposukuma ukuta. Ikiguswa ya msuli mpana wa mgongo, kuuvuta mkono kwa nyuma kunapungua nguvu. Ya tatu inahisi ngozi ya ndani ya mkono wa juu, na mara nyingi hukatwa. Mgonjwa aambiwe mapema kwamba ganzi itakuwepo, asije akadhani amepooza.

Dreni (mpira wa kutoa majimaji ya kidonda): andika mililita kila baada ya saa 24, saa ileile. Inatolewa ikishuka chini ya mililita 30 kwa siku mbili mfululizo. Kuitoa mapema kwa sababu kitanda kinahitajika ni kujitafutia kazi: maji yanajaa chini ya ngozi, yanavutwa na sindano mara kwa mara, vijidudu vinaingia, na kemo inacheleweshwa. Ni bora aende nyumbani nayo, na daftari dogo la kuandikia, akishafundishwa kumwaga na kuibonyeza chupa ili ivute tena. Chupa iliyojaa hewa haivuti kitu. Dreni ikisimama ghafla siku ya kwanza huku kifua kinavimba, usifurahi kwamba imekauka. Damu imeganda ndani ya mpira, mwite daktari.

Mazoezi huanza siku ya kwanza: kufumba na kufumbua kiganja, kukunja kiwiko. Bega lisipite nyuzi 90 mpaka dreni itoke, kisha atembeze vidole ukutani kwenda juu kidogo kidogo. Jambo hili halielezwi vya kutosha: kwenye mashine ya mionzi mgonjwa hulazwa mkono ukiwa juu ya kichwa. Bega likiganda, mionzi haianzi.

NYABO WA MASINDI
Sista, na ule mkono unaovimba? Watu wetu hulima.

SISTA WA WODI
Alime, ila avae glavu, asijikate wala asijiunguze kwenye sigiri. Shinikizo la damu na sindano tunatumia mkono mwingine panapowezekana. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, na homa juu, aanze antibiotiki siku hiyohiyo. Kila maambukizi yanaziba njia za limfu zilizobaki. Uvimbe wa taratibu hutibiwa kwa bandeji za kubana na kuuinua mkono, na ukianza mapema unadhibitiwa.

FUNDI HADUBINI (maabara, Kampala)
Naomba niseme kwa nguvu kidogo, kwa sababu hapa ndipo uhai wa mgonjwa unapotupwa bila mtu kujua.

Kinyama kikitoka mwilini kinaanza kuoza. Kiingie kwenye formalini ya asilimia 10 ndani ya saa moja. Siyo maji ya chumvi, siyo spiriti. Ujazo uwe mara 10 ya kinyama. Formalini hupenya kama milimita 1 kwa saa, kwa hiyo titi zima likitumbukizwa lilivyo kwenye ndoo, juu linakauka na katikati, ulipo uvimbe, linaoza. Lipasue kwa nyuma vipande vya sentimita 1, ngozi ikiwa bado imeshikana, na weka gozi (kitambaa cha kufungia vidonda) katikati ya vipande. Kabla ya hapo shona alama: uzi mfupi upande wa juu, uzi mrefu upande wa kwapa. Chombo kiwe cha mdomo mpana, maana kinyama kikishakakamaa hakitoki kwenye chupa nyembamba, na kukikwangua ni kukiharibu.

Muda ndani ya formalini ni saa 6 hadi 72 kwa kipimo cha vipokezi (alama za kwenye chembe za saratani zinazoonyesha dawa ipi itafaa). Sampuli inayokaa stoo wiki mbili ikingoja basi la Kampala inaweza kusomeka "haina vipokezi vya homoni" kumbe inavyo. Matokeo yake mama ananyimwa tamoksifeni ya miligramu 20 kwa siku kwa miaka 5, moja ya dawa za bei nafuu kabisa katika ugonjwa huu. Nani atajua?

Kwenye fomu andika upande, ukubwa, kama alishapata kemo, na saa kilipotolewa na saa kilipoingia formalini. Nanyi mdai majibu kamili: aina na daraja (ukali wa ugonjwa), kingo, tezi ngapi zimehesabiwa na ngapi zina ugonjwa, vipokezi vya estrojeni na projesteroni (homoni za kike), na HER2 (kipokezi kingine cha protini). Tezi za kwapa zilizohesabiwa zikiwa chini ya 10, uliza.

DAKTARI WA KINYWA (Gulu)
Kwa kichwa na shingo ramani inasomeka vizuri zaidi. Ulimi na sakafu ya kinywa humwaga limfu kwenye tezi za chini ya taya na za juu ya shingo, kanda ya 1 hadi ya 3 (shingo nayo hugawanywa kwa namba zake). Zoloto (kisanduku cha sauti) humwaga kanda ya 2 hadi ya 4. Nyuma ya pua hupeleka pande zote mbili, hadi nyuma ya shingo. Baada ya shingo ni mapafu.

Kidonda cha kinywani kisichopona wiki 3 kichukuliwe sampuli kwenye ukingo wake, kwani katikati kuna nyama iliyokufa. Mzee akija na tezi ngumu shingoni, usiifungue. Tazama kwanza ulimi, tonsili, koo na nyuma ya pua, kisha tumia sindano nyembamba ya geji 23. Tezi iliyopasuliwa ovyo inavunja kuta ambazo mpasuaji angezifuata, na hapo kisu kweli kimechangia. Wala usianze dawa za kifua kikuu kwa kubahatisha, miezi inapotea.

Uvimbe wa ulimi hukatwa pamoja na sentimita 1 ya nyama nzima kila upande, na chini pia. Chini ndiko husahauliwa. Kina cha ugonjwa kikizidi milimita 4, safisha shingo (ondoa tezi zake) palepale hata kama hakuna tezi inayoshikika. Utafiti wa Tata Memorial, hospitali ya saratani ya Mumbai, India, uliochapishwa 2015, ulionyesha waliosafishwa shingo mara moja asilimia 80 walikuwa hai baada ya miaka 3, na waliosubiri tezi itokee asilimia 67.5. Kwetu, ambako mgonjwa wa Kitgum anaweza asirudi kliniki, mimi sioni sababu ya kusubiri.

Neva inayoinua bega ipite salama, na ile ya pembe ya mdomo pia. Upande wa kushoto, chini ya shingo, kuna mrija mkuu wa limfu: dreni ikitoa kitu cheupe mithili ya maziwa baada ya mgonjwa kula, mrija umejeruhiwa. Mpe chakula kisicho na mafuta, bana kwa bandeji, na mjulishe mpasuaji. Meno mabovu yang'olewe angalau wiki 2 kabla ya mionzi. Kuyang'oa baadaye huweza kuozesha taya.

Aliyetolewa zoloto hapumui tena kwa pua wala mdomo, maisha yake yote. Oksijeni iwekwe kwenye tundu la shingo. Hili liandikwe juu ya kitanda kwa herufi kubwa.

Na mtoto aliyevimba taya, meno yakilegea kwa siku chache: usikate, using'oe. Hiyo yaweza kuwa limfoma (saratani ya mfumo wa limfu) aliyoieleza Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa hospitali ya Mulago, Kampala. Inaongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na tiba yake ni kemo. Kinyama kidogo, maji ya mshipani, na gari la kwenda Taasisi ya Saratani siku hiyohiyo.

KIJANA WA LIRA
Je, mama akitaka titi libaki?

TABIBU WA MPAKANI
Inawezekana kwa uvimbe mdogo, kingo zikiwa safi, lakini mionzi ni lazima: vipindi 15 vya wiki 3, au 25 vya wiki 5. Mashine ya Kampala ilipoharibika 2016, nchi ilikaa zaidi ya mwaka bila mionzi, na ahadi ya kuliacha titi haikuwezekana. Uliza kwanza nafasi ya mionzi na mahali atakapolala. Visipokuwa na uhakika, kuondoa lote ni salama zaidi.

MUUGUZI WA HOSPISI (Hoima)
Kwa ambaye ugonjwa umeshafika kwenye ini au mifupa, kuondoa titi hakuongezi umri; kunafaa tu kama linavuja damu au kidonda hakivumiliki. Harufu ya kidonda hupunguzwa na metronidazoli (antibiotiki) iliyosagwa na kunyunyiziwa kidondani kila unapobadilisha gozi. Gozi iloweshwe maji ya chumvi kabla ya kutolewa, isitoe damu.

Maumivu: morfini ya maji, miligramu 2.5 hadi 5 kila saa 4, dozi ya kulalia iwe maradufu ili alale. Uganda imewaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa (ya kupunguza maumivu na mateso) kuiandika tangu 2004, kwa hiyo asiambiwe angoje daktari. Anza bisakodili (dawa ya kulainisha choo) siku ileile, kwa kuwa choo kigumu ndicho kinachowafanya wengi waiache. Akisinzia kupita kiasi na kupumua polepole, simamisha dozi inayofuata na umpigie muuguzi wake.