Tupeane uzoefu: Neno liliwapatanisha wapi, na kesho yake kikabadilika nini?

Mwimba Besi (Goma, Katindo)

Bwana asifiwe, wapendwa. Hotuba za umoja zimenichosha. Kila semina inaanza nazo, kila harusi inazo, hata wanasiasa wanaokuja kukalia viti vya mbele Jumapili wanazo. Halafu ibada ikiisha, pale uwanjani kila mtu anatafuta watu wa lugha yake, wanasalimiana, wanaondoka.

Kwa hiyo naomba hivi: mahubiri tuyaache. Tuambie andiko gani lilisomwa, na baada ya hapo kilibadilika nini cha kuonekana. Pesa, ndoa, deni, kiti, parsele (kiwanja). Wakatoliki, Waprotestanti, Waadventista, wa makanisa ya uamsho, wote karibuni. Majina ya watu na ya makanisa yetu tusiyataje.

Naanza mimi. Korali yetu inaimba Kiswahili, Kinande, Kihunde, Mashi na Kinyarwanda. Kila vita inapousogelea mji, wimbo wa Kinyarwanda ndio wa kwanza kutolewa kwenye orodha, na hakuna anayesema sababu. Mwaka 2022, mambo yalipochacha Rutshuru, kiongozi wetu, mzee Mnande, alitusomea Matendo sura ya 2. Siku ya Pentekoste kila mtu alisikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha ya kwao. Hakuna aliyeambiwa akajifunze kwanza lugha ya Wagalilaya. Mzee akasema wimbo unabaki, na solo ataimba yeye mwenyewe. Matamshi yake yalikuwa balaa. Wengine waliacha korali, na mmoja hajarudi mpaka leo. Lakini wimbo upo.

Mama wa Ndosho

Yangu ni ndefu, mnivumilie.

Vita ya Masisi na Rutshuru ilipoleta watu, Bulengo na Lushagala zilijaa mahema, na waliokosa nafasi walilala kwenye madarasa na kwenye makanisa. Kwetu walikuja wengi. Kanisa likachanga unga, maharagwe, mafuta, sabuni, makaa. Waliogawa ni madiakoni wetu, watu wema kabisa, ila wote wanatoka upande mmoja na nyumbani wanaongea lugha moja. Hawakuiba hata kikombe cha unga. Shida ni kwamba habari ya "leo tunagawa" ilipita kwa simu na kwa midomo ya wanaojuana. Wajane wa upande mwingine wakawa wanafika gunia limeshakunjwa. Manung'uniko yakaanza, yakageuka maneno mabaya, ya aina ile mnayoijua hapa mjini.

Jumapili ile Pasta hakuhubiri upendo. Alifungua Matendo 6, akasoma kwamba wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Akauliza: mitume walijibuje? Je, walikana? Je, waliwaambia "ninyi mnaleta ukabila kanisani"? Hapana. Waliita mkutano, wakaomba wachaguliwe watu saba. Akayasoma majina moja moja: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Akauliza haya ni majina ya wapi. Mwalimu mmoja wa sekondari akajibu kwamba yote ni ya Kiyunani. Pasta akasema, basi mmeona, chakula kiliwekwa mikononi mwa wale wale waliolalamika.

Nimeokoka tangu ujana na sura hiyo niliisikia mara nyingi, lakini siku zote iliishia kwa Stefano na mawe. Hayo majina hakuna aliyewahi kunisimamishia.

Wiki hiyo hiyo ufunguo wa depo, yaani ghala la chakula, na daftari vilipewa akina mama wa Masisi na Rutshuru. Wa kwetu walichukia: wageni wamepewa depo yetu! Mume wangu alikuwa mmojawapo, naandika haya kwa ruhusa yake. Wale mama walibadilisha utaratibu. Siku ya kugawa ilitangazwa kwenye ibada kwa lugha tatu. Majina yalisomwa kwa sauti, wajane na wazee kwanza. Kilichobaki kilipimwa mbele ya wote kabla mlango haujafungwa. Hakuna uchawi hapo. Na kumbe hata wenyeji maskini wa mtaa wetu, waliokuwa wanaona aibu kuomba, waliingia kwenye daftari, kwa sababu mama mmoja wa Masisi aliwaona akasema hawa nao wana njaa.

Baadaye mmoja wa wajane wale alifiwa na mtoto kwa kipindupindu. Waliolala naye kwenye kilio walikuwa mama wa pande zote. Aliyechimba kaburi ni mmoja wa madiakoni wale walionyang'anywa depo. Na mnajua kuchimba kaburi Goma, juu ya mwamba wa volkano, ni kazi ya nyundo na mtaimbo, si ya jembe.

Kijana wa Birere

Shikamoo mama, nimeguswa. Ila tuseme ukweli wote. Mimi nimelelewa kwenye kanisa lililopasuka vipande viwili kwa sababu ya uchaguzi wa kamati, na kila kipande kikawa na kabila lake. Wote walikuwa na Biblia ile ile. Wote walisoma Yohana 17 pale Yesu anapoomba wawe na umoja. Pande zote mbili ziliisoma dhidi ya wenzao! Kwa hiyo mkisema Neno linaunganisha, mimi nauliza: kwa nini kwenu liliunganisha na kwetu likawa rungu?

Mama wa Ndosho

Marahaba mwanangu. Mimi naona kwetu lilisomwa dhidi ya aliyeshika ufunguo. Kwenu naona kila mtu alimsomea mwenzake.

Fundi Mawe (Nyiragongo, upande wa Buhene)

Kijana, sikiliza na hii.

Volkano ilipopasuka 22 Mei 2021 usiku, lava ilifunika nyumba za Buhene. Ikipoa inakuwa mwamba mmoja mweusi. Miti ya mipaka, nyua, nguzo, vyote viko chini. Mwenye hati alibaki na karatasi, asiye na hati alibaki na kumbukumbu, na kumbukumbu za majirani hazilingani hata siku moja.

Wazee wawili wa kanisa moja walianza kugombania mita chache. Walikuwa wanashiriki meza moja ya Bwana bila kusalimiana. Mmoja alishatafuta wakili. Mkewe ndiye aliyemfungulia 1 Wakorintho 6, pale Paulo anapowashangaa ndugu wanaopelekana mahakamani mbele ya wasioamini, kisha anauliza kwa nini wasikubali kudhulumiwa. Mzee alikasirika, maana yeye ndiye aliyeona amedhulumiwa. Alikaa na hasira yake kwa muda, kisha akaenda kwa jirani akamwambia: weka alama wewe, mahali unapoamini mpaka ulikuwa, nami nitakubali.

Yule mwingine alikwenda na vigingi vya chuma. Alivipiga ndani ya upande wake mwenyewe! Sijui kama ni aibu au ni Roho, labda vyote. Pakabaki kipande cha katikati ambacho hakuna aliyekidai, kikawa njia ya watoto kwenda kuteka maji.

Mimi nilikuwa nimeshaitwa kujenga ukuta, hata mawe nilishayahesabu. Efeso 2:14, ule mstari wa kiambaza kilichobomolewa, mzee alinisomea mimi kabla ya kuniambia kazi haipo. Nilipoteza pesa nzuri.

Ndugu zangu, kesi za parsele hapa ndizo zinazowafarakanisha wakristo kuliko mafundisho yote ya ubatizo. Wachungaji wengi wanaogopa kuzigusa kwa sababu wenye parsele kubwa ndio wenye sadaka kubwa.

Mama wa Petite Barrière

Tumsifu Yesu Kristu.

Nafanya biashara ya viazi na karoti kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Mwaka 2020, mpaka ulipofungwa kwa ajili ya korona, nilikuwa na mali ya mama mmoja wa ng'ambo niliyoichukua kwa mkopo. Hatukuandikiana chochote. Wenzangu sokoni waliniambia: mpaka umefungwa, ni Mnyarwanda, kula hizo franga. Kwenye shirika letu tulikuwa tunasoma Zaburi 15, inayouliza nani atakaa katika hema ya Bwana, na jibu mojawapo ni yule aliyeapa asibadili maneno hata ikiwa ni hasara yake. Niliweka ile pesa kando. Nyumbani tulikula sombe (majani ya muhogo) bila mafuta na pesa iko ndani, Mungu ni shahidi. Mpaka ulipofunguliwa nilimpelekea yote. Alilia, akaniambia kwamba na yeye majirani zake walikuwa wanamcheka: Wakongomani hawalipi.

Usiku ule wa 22 Mei anaousema Fundi, watu kwa maelfu tulikimbilia Gisenyi na watoto mgongoni. Nilikuwa na mlango wa kubisha. Siasa msiniulize, mimi nasema juu ya mlango.

Mwana Virunga

Kwa kuwa tumefika mpakani, lazima tumtaje Floribert Bwana Chui, mtoto wa hapa Goma. Alikuwa kwenye jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, akiwahudumia maibobo (watoto wa mitaani) wa mjini, na kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa zinazoingia. Alikataa rushwa ili vyakula vilivyoharibika visipite, akauawa Julai 2007 akiwa na miaka 26. Alitangazwa mwenyeheri Roma, 15 Juni 2025, katika basilika ya Mtakatifu Paulo.

Kwenye familia yetu tuna watu wa dwane (forodha). Tangu kutangazwa kwake, mjomba wangu mmoja hakai mezani picha yake ikiwa ukutani. Anahamia barazani na sahani yake. Hayo nayo ni mabadiliko, ingawa kuunganisha bado.

Mwana Kamalondo (Lubumbashi)

Jambo kwa wote wa Kivu. Huku kwetu kuna historia mbili zinazoenda pamoja.

Kambo wangu, yaani bibi yangu aliyemzaa mama, alikuwa wa Jamaa, kundi la Kikatoliki la wanandoa. Vijana hawaijui. Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, aliianzisha miaka ya 1950 kule Kolwezi, kwenye makambi ya wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière. Mume na mke waliingia pamoja, wakafundishwa kuishi kama Kristo na Bikira Maria wangekuwa nyumbani kwao, na wote waliitana baba na mama. Hata padri mzungu alikuwa baba kama mchimba madini. Fikirini hilo kwenye kambi ya kikoloni, ambako mzungu alimwita mtu mzima "boyi". Kambo alisema mume wake alianza kula naye meza moja kwa sababu ya mafundisho yale. Kabla ya hapo mwanaume alikula peke yake. Baadaye maaskofu walikuwa na mashaka nayo na matawi mengine yalitengwa, sitaki kuipaka rangi.

Ya pili ni 1992 na 1993, Wakasai walipofukuzwa Katanga. Likasi na Kolwezi watu walijazana kwenye stesheni wakingoja treni, na wengi walikufa. Waliofukuza walikuwa wakristo na waliofukuzwa walikuwa wakristo, wamebatizwa kwenye parokia zile zile. Kambo na rafiki yake wa Jamaa, mama Mkasai, walikuwa wameitana mama tangu ujana. Kambo alificha cherehani ya mwenzake chini ya kitanda na kila mtu mtaani alijua. Vijana walipokuja kuitafuta aliwaambia, iko hapa, mwenye kuitaka apite juu ya mwili wangu. Yule mama alirudi baada ya miaka, akakuta cherehani imepakwa mafuta. Alishona nguo za ubatizo wa wadogo zangu nayo.

Kijana wa Birere, swali lako ninalo pia. Barabara ile ile, misa ile ile, huyu alificha cherehani na jirani yake alibeba panga.

Mkwe wa Kadutu (Bukavu)

Fupi tu. Mimi Mkatoliki, mke wangu Mpentekoste. Wazazi wake walidai nibatizwe tena kwa maji mengi, wangu walidai padri. Mwaka mzima tulisukumana. Kilichotusaidia ni mama mkwe. Aliuliza kwenye kikao: Monsinyeri Munzihirwa, askofu mkuu wetu wa Bukavu, aliyewatetea raia wa Bukavu na wakimbizi wa Kirwanda kwa pamoja mpaka akauawa Nyawera 29 Oktoba 1996, alikuwa mkristo au hakuwa? Hakuna aliyethubutu kusema hakuwa. Akasema basi mahari ijadiliwe, tumechelewa.

Sikubatizwa tena. Watoto wanakwenda pande zote mbili na wanapenda kule kwenye biskuti.

Kijana wa Birere

Mmenijibu nusu, na nusu inanitosha kwa leo. Mama wa Ndosho, nina swali la mwisho. Wengi wa waliokimbia wamerudi Masisi na Rutshuru mwaka 2025, mahema yalipobomolewa. Ule ufunguo wa depo sasa uko kwa nani? Umerudi kwa madiakoni?

Mama wa Ndosho

Haukurudi. Mama mmoja wa Masisi alibaki, anao yeye pamoja na mjane mmoja wa hapa hapa mtaani. Depo yenyewe imekuwa ndogo, tangu benki zifungwe watu hawana cha kuchanga. Na usifikiri tumekuwa malaika: sasa kuna wanaosema huyo mama wa Masisi naye anawapendelea wa kwao. Jumamosi saa tisa tuna mkutano, daftari litafunguliwa mbele ya wote. Njoo ukipenda, uje na wa kanisa lenu, vipande vyote viwili.