Wakuu, hivi kubadili tabia kunazuia kisukari kweli au ni maneno ya kliniki tu?

MamaWawili

Habari zenu wakuu. Baba na mama wote wana kisukari, mwezi uliopita na mimi nikapima HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu, ikatoka 6.1, daktari akasema hujawa mgonjwa ila uko mpakani, punguza uzito fanya mazoezi, nikatoka. Dakika kumi hazikufika.

Sasa shida yangu mimi sio kujua, yote anayosema nayajua na ningeweza kumfundisha mtu mwingine. Tangu mwaka juzi nimeanza mara nne, naenda vizuri wiki tatu, halafu mtoto anaumwa au kazi zinabana nakosa siku mbili tatu, basi imeisha hiyo mpaka mwaka mwingine. Naomba kujua kuna utafiti ambao walichukua watu kama mimi wakawafuatilia miaka wakaona tofauti? Na kama upo, wale watu waliwezaje wasiache? Baba yangu sa hivi ana kidonda cha mguu hakiponi, kila nikimsafisha najiona mimi.

NesiWaZamu

Pole sana mdogo wangu, na mzee apone. Mimi niko kliniki ya kisukari miaka mingi na swali lako ndo lenyewe haswa, huwa nasikitika watu wakiambiwa "jitahidi" halafu wakirudi hawajabadilika wanaonekana wazembe.

Utafiti upo na ni mkubwa, unaitwa DPP, ulifanyika Marekani matokeo yakatoka 2002. Walichukua watu 3,234 ambao sukari imepanda ila haijawa kisukari, kama wewe, wakawagawa makundi matatu kwa bahati nasibu. La kwanza kubadili mwenendo, lengo lilikuwa kupunguza uzito asilimia 7 na kutembea au zoezi lingine dakika 150 kwa wiki. La pili metformini, dawa ya vidonge ya kushusha sukari. La tatu vidonge visivyo na dawa ndani. Wakafuatiliwa kwa wastani karibu miaka 3. Kwenye kundi la vidonge vitupu kila watu 100 walikuwa wanapata kisukari 11 kwa mwaka, metformini karibu 8, kundi la mwenendo karibu 5. Yaani hatari ilishuka asilimia 58, dawa ilishusha 31.

Ila soma hapa vizuri manake ndo jibu lako lilipo. Hata lile kundi la vidonge vitupu WALIPEWA USHAURI, walipewa maandishi na kukaa na mtu nusu saa hivi mara moja kwa mwaka kuambiwa kula vizuri na mazoezi. Ndo hicho ulichopewa wewe! Kundi la kwanza kila mtu alikuwa na mshauri wake anayemjua, vipindi 16 ndani ya wiki 24, wanapima uzito, wanaandika walichokula, wanaongea nini kimekwamisha wiki hii, na baada ya hapo bado wanaonana kila mwezi. Kwa hiyo sio kwamba wale walikuwa na moyo wa chuma kuliko wewe, makundi yaligawanywa kwa bahati nasibu. Walikuwa na mtu wa kuwauliza.

Na kingine, mwisho wa vile vipindi ni nusu tu waliofikia ile asilimia 7, wengine hawakufika, na bado kundi zima likapata 58. Baadaye wakachambua wakakuta kila kilo moja iliyopungua inashusha hatari kama asilimia 16. Kilo moja mdogo wangu.

Mchambuzi_K

Nesi umeeleza vizuri ila tusimpe dada picha nusu. Walipofuatiliwa miaka 15 ile 58 ilishuka ikawa 27, ipo bado ila imepungua. Halafu kuna Look AHEAD, huo ulikuwa kwa watu ambao tayari wana kisukari aina ya 2, zaidi ya watu 5,000, wakapunguza uzito kwa usimamizi mkali kabisa, ukasimamishwa 2012 kwa sababu mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua ukilinganisha na wenzao. Kwa hiyo tabia inafanya kazi lakini sio kwa kila kitu na sio kwa kila hatua ya ugonjwa.

NesiWaZamu

Kweli kabisa mkuu, ila hata hao wa Look AHEAD walihitaji dawa kidogo kuliko wenzao. Na mimi nikiusoma huo ndo nazidi kumwambia MamaWawili aanze sasa akiwa bado mpakani.

BabaT

Dada mimi naongelea hiyo ya kukosa siku mbili, manake iliniua miaka. Kuna utafiti wa London wa 2010, watu 96 walichagua kitu kimoja kidogo wakifanye kila siku baada ya tukio lilelile, mfano baada ya chai ya asubuhi. Kitu kuwa mazoea kilichukua wastani wa siku 66, ila mwingine 18 mwingine 254 kwa makadirio yao, na wakakuta kuruka siku moja hakuharibu chochote cha maana. Mimi niliposoma hiyo niliacha kuanza upya kila Jumatatu. Nikikosa leo kesho naendelea nilipoishia. Natembea nikishawapeleka watoto shule, sirudi ndani kwanza, manake nikishaingia ndani sitoki tena.

MamaWawili

Jamani nimesoma hii mara mbili na machozi yamenitoka, miaka yote najiona mvivu. Mdogo wangu wa kike naye kapima yuko mpakani, nimempigia simu sa hivi tumekubaliana kila Jumapili jioni tunaulizana uzito na tumetembea mara ngapi. Nesi swali la mwisho, nianze na metformini kabisa?

NesiWaZamu

Hapo umefanya la maana sana. Metformini muulize daktari wako, usijinunulie mwenyewe, kwenye DPP ilisaidia zaidi wenye umri mdogo na wenye uzito mkubwa sana, kwa waliovuka 60 haikufanya kitu cha maana. Mwambie na historia ya wazazi wote wawili, na uombe tarehe ya kurudia HbA1c. Ukipata majibu rudi hapa utuambie, na mdogo wako pia.