Naombwa nirekodi video ya kumpelekea seneta wa Marekani kuhusu kazi yetu iliyokatwa. Nikubali?

MamaMshauri_Ngambo

Asalaam aleikum wanajamvi, na wengine hamjambo. Akaunti hii ni mpya na mtaelewa kwa nini.

Mimi ni mkaazi wa ng'ambo ya Likoni. Nilikuwa mama mshauri kwenye kliniki ya wanaotumia ARV, dawa za virusi vya ukimwi. Kwa wasioijua kazi hii: ni mwanamke anayeishi na virusi yeye mwenyewe, aliyezaa mtoto akatoka salama, anayekaa na wajawazito waliopimwa wakakutwa navyo. Mtu ameambiwa sasa hivi, hata machozi hayajamkauka, ndiye unayemkalisha, unamfunza kumpa mtoto ile dawa ya maji, na asipokuja kliniki unampigia simu au unamfuata kwake bila majirani kujua umefuata nini. Mradi ulikuwa wa fedha za Wamarekani kupitia shirika ambalo sitalitaja. Trump alipoingia Januari 2025 akasimamisha misaada, siku chache baadaye tukapata ujumbe wa WhatsApp: kesho msije. Basi, hadi leo.

Nisiseme uongo, kliniki haikufungwa na dawa zipo. Lakini chumba chetu kina kufuli, na wagonjwa wamechanganywa na foleni ya kila mtu. Dirisha la dawa ni moja. Lile kopo la vidonge hulia likitikisika, na mtaani watu wameshaijua sauti yake. Nimewaona wanawake kwa macho yangu wakiingia chooni, wanamimina vidonge kwenye leso, wanafunga fundo, kopo wanalitupa ndooni. Na dawa ile yatakiwa ikae ndani ya kopo lake isipate unyevu. Zamani ningemkalisha mtu nimwonyeshe njia ya kulificha bila kuiharibu dawa. Leo nani wa kumwambia?

Sasa jambo lenyewe. Binamu yangu yuko Marekani miaka mingi, ni raia. Anasema seneta wa jimbo lake amekuwa akiikosoa serikali hadharani juu ya kukata fedha hizi, na ofisi yake yakusanya ushuhuda. Ataka nirekodi dakika mbili, uso wangu na jina langu. Huku nako mheshimiwa wetu wa wadi amesimama kwenye mkutano akaishambulia kaunti kwamba imetutupa, watu wakapiga makofi, na sasa anatuita akina mama wote twende naye mbele ya kamera.

Mume wangu anaijua hali yangu. Mama mkwe hajui. Watoto wanasoma hapa hapa mtaani.

Nirekodi? Na kelele za huyo seneta zatufaa nini sisi?

Yakhe_Kibokoni

Usirekodi. Video ikitumwa Washington leo, kesho alfajiri iko Kongowea.

KaraniMstaafu

Dadangu, pole. Swali lako la mwisho ndilo nitakalolijibu kwanza, maana hilo la kwanza lategemea hili.

Wabunge wa Marekani wamepiga kelele sana, usidhani walinyamaza. Mapema Februari 2025 walisimama nje ya ofisi za USAID, wakala wa misaada wa Marekani, pale Washington wakipinga, miongoni mwao Ilhan Omar, ambaye utotoni aliishi miaka minne kwenye kambi ya wakimbizi hapa hapa Kenya. Seneta Brian Schatz wa Hawaii akatangaza atazuia uteuzi wa maafisa wa Wizara ya Mambo ya Nje mpaka USAID irudishwe. Cory Booker wa New Jersey naye alisimama Seneti kuanzia jioni ya 31 Machi hadi usiku wa siku ya pili, saa 25 na dakika 5 bila kuketi, akizichambua sera za Trump moja moja. Aliivunja rekodi ya hotuba ndefu zaidi ya Seneti, ya Strom Thurmond mwaka 1957. Dunia ilitazama. Fedha hazikurudi. Machi hiyo hiyo Marco Rubio, waziri wa mambo ya nje, alikuwa ameshatangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa, na tarehe 1 Julai wakala wenyewe ukafungwa, kilichobaki kikaingizwa wizarani.

Kwa nini? Kwa sababu hao wote ni wa chama cha Democrat, na viti vya Seneti ni 53 vya Republican, chama cha Trump, kwa 47. Anayepinga bila kura za kutosha anaandika historia tu.

Lakini sikiliza na hili. Juni 2025 serikali iliomba Bunge lifute takriban dola bilioni 9 zilizokwisha kupitishwa, nyingi zikiwa za misaada ya nje. Humo mlikuwa na dola milioni 400 za PEPFAR, ule mpango wa ukimwi ulioanzishwa na George W. Bush mwaka 2003. Maseneta kadhaa wa chama cha rais mwenyewe wakasita. Hawakuhutubia saa 25. Waliguna tu, tena walikuwa na kura ambazo rais alizihitaji. Zile milioni 400 zikatolewa kwenye makato, ndipo mswada ukapita kwa 51 dhidi ya 48. Hata hapo Susan Collins wa Maine na Lisa Murkowski wa Alaska, Republican wote wawili, walipiga kura ya kupinga.

Kwa hiyo muulize binamu yako mambo mawili: seneta wake ni wa chama gani, na yumo kwenye kamati ya matumizi ya fedha au la? Kama ni Democrat ambaye tayari anapaza sauti, video yako ni pambo la hotuba. Kama ni Republican anayesitasita, ushuhuda una uzito. Na hata hivyo mpiga kura wake ni binamu, si wewe. Barua ya raia wa jimbo lake, inayosema "jamaa yangu Mombasa kapoteza kazi hii, na hivi ndivyo wagonjwa walivyo sasa," ataisoma. Uso wako si lazima uwemo.

Gati_Namba5

Mimi nitasema msilolipenda. Miaka zaidi ya 20 tunalishwa dawa na mtu mwingine, halafu akiondoa mkono tunamlilia seneta wake. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Hao Wamarekani ni hela zao, wana haki ya kuzikata. Seneta wa kulaumiwa ni wetu, na gavana wetu, na bunge letu la kaunti, ambao walijua siku moja zitakwisha wasiweke hata shilingi pembeni.

MamaMshauri_Ngambo

@Gati_Namba5 sikatai kakangu. Ila mimi sikuazima nguo, nilikuwa kazini. Kodi ya nyumba haijui ilitoka kwa nani.

BintiMvita_Sheria

Gati, unayosema yana ukweli, lakini dada ameuliza swali lake, tumjibu.

Dada, kwanza video. Hali yako ni siri yako, na Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006 yamkataza mtu mwingine kuitoa bila idhini yako ya maandishi. Ukishaitoa mwenyewe kwa jina na uso, kinga hiyo haitakurudishia kitu. Hata ukikubali leo na mume wako akaridhia, mwanao wa darasa la tano hajaulizwa. Na usiingize mgonjwa yeyote, hata kwa jina la kubuni na mtaa wake. Mtongwe ni ndogo, watu watamjua.

Tena suala hili la taarifa za wagonjwa si dogo hivi sasa. Desemba 2025 Kenya na Marekani walitia saini makubaliano mapya ya afya ya miaka mitano, Marekani ikiahidi dola bilioni 1.6, na siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha sehemu ya kushirikishana data mpaka kesi isikizwe. Kama mahakama inasita juu ya data ya serikali kwa serikali, wewe una sababu gani ya kuharakisha uso wako?

Pili, na hili hukuliuliza. Ulilipwa chochote mlipoachishwa? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yataka notisi ya mwezi mmoja na malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka uliokamilisha, kazi inapokwisha kwa sababu mwajiri hana tena nafasi hiyo. Najua wengi wenu mliandikwa kama "wa kujitolea" mkapewa posho. Jina hilo peke yake halimalizi habari. Mahakama huangalia kazi ilivyokuwa, nani alikupangia saa, nani alikulipa kila mwezi. Tafuta barua, jumbe za M-Pesa, kitambulisho cha kazi, na daftari la mahudhurio kama una picha yake. Dai lina muda wa miaka mitatu, usilale.

Yakhe_Kibokoni

Hilo la M-Pesa ni la maana. Nenda ukachapishe taarifa ya akaunti kabla hujabadilisha laini.

Mkaazi_Kisauni

Mimi nataka kuongea juu ya mheshimiwa wa wadi, maana huyo ndiye unayeweza kumshika kanzu.

MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, kuishambulia kaunti kwenye jukwaa ni rahisi, hasa sasa kura za Agosti 2027 zanukia. Lakini yeye si mpita njia. Bajeti ya kaunti yapitishwa na yeye na wenzake. Akisema kaunti imewatupa, basi na yeye yumo katika waliotupa, au sivyo? Nenda naye, lakini si mbele ya kamera. Nenda naye kwenye karatasi.

Kalenda ni hii. Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti unatakiwa kufika bunge la kaunti kufikia 28 Februari. Humo ndimo idara ya afya huwekewa kiwango chake, na wananchi wana haki ya kutoa maoni kabla. Makadirio ya bajeti yaja kufikia 30 Aprili. Mwaka mpya wa fedha waanza 1 Julai. Mtu akija na kilio Juni amekuta chungu kimeshapakuliwa.

Na mheshimiwa akikuambia "tutaongeza hela za afya," muulize swali moja tu: utapunguza wapi? Sheria ya fedha za umma yasema bunge la kaunti likiongeza sehemu moja lazima lipunguze nyingine kwa kiasi hicho hicho. Akikujibu kwa kutaja fungu, huyo ana nia. Akianza kumtukana gavana, mshukuru kwa chai uende zako.

Kingine, chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 mnaweza kuiandikia idara ya afya ya kaunti: wafanyakazi wangapi wa kliniki walilipwa na wafadhili kabla ya Januari 2025, na wangapi kaunti imewachukua? Wana siku 21 za kujibu. Wakikaa kimya kuna Tume ya Haki ya Utawala. Jibu hilo mkilipata, hata mheshimiwa atalihutubia kwa adabu.

KaraniMstaafu

Naongeza kwa Kisauni. Mkakati mpya wa Marekani wa Septemba 2025 wataka wahudumu wa mstari wa mbele wahamishiwe hatua kwa hatua kwenye malipo ya serikali za nchi zenyewe, na fedha zipungue kupitia mashirika. Maana yake, nafasi kama yako ikirudi itarudi kwa mlango wa kaunti. Anayesubiri lile shirika limpigie simu atasubiri sana. Ombi lenu litaje kazi kwa jina, mama mshauri, iwekwe kwenye orodha ya wahudumu wa kaunti. Msipoitaja, wataajiri makarani wa kompyuta na kusema kliniki imeimarishwa.

Gati_Namba5

Hapo sasa nakubali. Na mimi nitatia saini, ingawa si mama.

MamaMshauri_Ngambo

Ahsanteni sana, wallahi mmenifungua macho. Nimeongea na binamu usiku huu. Seneta wake ni Democrat, hayumo kwenye kamati hiyo. Alinuna kidogo, nikamsomea maneno ya Mzee Karani, akakubali kuandika barua kwa jina lake. Mimi nitampa maelezo ya kliniki bila jina langu: ile foleni, dirisha moja, kopo ndooni.

Kwa mheshimiwa, wenzangu wawili walikuwa tayari kwenda kwenye kamera, mmoja amekubali tuandike ombi badala yake, mwingine bado anasema kamera ndiyo itakayomtisha gavana. Sijui nimlazimishe vipi.

Swali la mwisho: ombi hilo lataka wakili? Na saini zetu si zitatutoa siri vile vile?

BintiMvita_Sheria

Usimlazimishe, ni uso wake.

Wakili si lazima. Haki ya kuwasilisha ombi iko kwenye Katiba, kifungu cha 37, na Sheria ya Serikali za Kaunti kifungu cha 15. Andikeni kama "waliokuwa wahudumu wa kliniki na wakaazi wa wadi," si "wanawake wanaoishi na virusi." Tieni saini na majirani, walimu, bodaboda, hata Gati, ili asiyewajua asiweze kuchagua nani ni nani kwenye orodha. Lipelekeni kwa karani wa bunge la kaunti, si kwa mheshimiwa mkononi. Yeye mpeni nakala.

Mkaazi_Kisauni

Na mchapishe nakala tatu. Moja mwaiacha kwa karani, moja ya mheshimiwa, ya tatu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mrudi nayo nyumbani. Mkiambiwa muhuri haupo, aliye nao katoka kwenda kula, kaeni kwenye benchi mpaka arudi.