Naomba ushauri: injini haizimiki kwa swichi kuu

Hamjambo wadau. Nina Corolla KE70 ya autokrosi (mbio za magari kwenye uwanja wa vumbi) hapa Nairobi, imewekwa injini ya 4A-GE. Alternata tuliipata Grogan, kule kwa vipuri, ya plagi ya pini tatu: S (ya kupima volti), IG (ya moto wa funguo) na L (ya taa ya onyo). Betri iko buti. Waya mnene wa B, unaotoa umeme wa alternata, umefungwa kwenye stata, yaani baada ya swichi kuu ya kukata betri.

Kuchaji inachaji, volti 14.2. Shida ni nikikata swichi kuu injini ikinguruma, haizimi; alternata inaendelea kulisha koili na pampu ya petroli. Kwa wakaguzi wa mbio sipiti hivyo, na wana haki. Nimepima swichi kwa mita, inakata betri kabisa. Nikiwasha taa zote injini inakohoa tu.

Fundi wangu anataka waya wa B uhamie upande wa betri. Lakini basi waya wenye moto unabaki hai hadi kwenye injini hata nikikata, na swichi yenyewe imewekwa kwa ajili ya ajali!

Je, nimfuate nikiweka fyuzi kubwa karibu na betri, au ninunue swichi kuu ya pini sita yenye rizista (ya kumeza umeme wa alternata ukikata)? Na kwa hiyo ya pini sita, waya wa moto wa koili unapita pini zipi?